Nyumba Kumi na Tisa Zilizosema Zimeshiba

Shangazi yangu hutuma jumbe kumi kila asubuhi kwenye kundi la familia, na ukweli ni kwamba tisa huwa sizisomi. Huu niliusoma mpaka mwisho, kisha nikaurudia. Yeye aliuleta kwa mistari michache tu. Mimi nimeuandika kwa kirefu, maana niliona umepunjwa.

Zamani kulikuwa na nchi ndogo iliyojificha katikati ya milima mirefu. Wageni hawakuingia ovyo, na wenyewe hawakuwa na haraka ya kutoka. Walifuata mafundisho ya Buddha. Kwenye vilele na madaraja walitundika vitambaa vilivyoandikwa dua, wakiamini kwamba upepo ukivipiga, dua zile humfikia kila kiumbe. Ngome zao walizijenga kwa mawe na mbao bila msumari hata mmoja na bila mchoro. Fundi aliibeba ngome nzima kichwani. Nyumba zilikuwa mali ya wanawake. Binti ndiye aliyerithi, na mwanamume alihamia kwa mkewe.

Tena walikuwa na desturi moja ambayo ndiyo iliyozaa habari hii. Mtu akikaribishwa chakula, mara ya kwanza hakubali. Hufunika mdomo kwa kiganja na kusema ameshiba. Mwenyeji hukaribisha tena, na mgeni hukataa tena. Mara ya tatu ndipo hupokea bakuli, kwa mikono miwili. Anayepokea mara ya kwanza huitwa mlafi. Anayekaribisha mara moja akanyamaza huhesabiwa kuwa alitaka kukataliwa.

Najua mnatabasamu. Hata huku kwetu tunawajua watu wa "nimetoka kula sasa hivi", huku macho yamegota kwenye sufuria.

Basi mwaka mmoja mvua ya mawe ilishuka kwenye Bonde la Nyelung, wiki mbili kabla ya mavuno. Bonde hilo lilikuwa mbali kuliko yote, mwendo wa siku nne kutoka ngome kuu, na njia ya kuingia ilikuwa moja tu, ipitayo juu ya mlima. Theluji ikianza kuanguka, njia ile hufungwa kwa miezi mitano. Haingii mtu wala hatoki mtu.

Mfalme alipopata habari alimwita Lhendup, msimamizi wa ghala la nafaka. Lhendup alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwaminifu na mwepesi wa kazi, ambaye hata punje ya shayiri haikuwahi kupotea mikononi mwake. Mfalme alimwagiza aende Nyelung na farasi thelathini wenye mizigo ya shayiri, apite nyumba kwa nyumba, na kila mwenye uhitaji apewe kabla njia haijafungwa. Bonde zima lilikuwa na nyumba kumi na tisa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aitwaye Yangzom. Kwa lugha yao bibi huitwa angay, kwa hiyo kila mtu bondeni alimwita Angay Yangzom. Aliishi na wajukuu wanne. Alimwingiza Lhendup ndani, akamkalisha karibu na moto, akamletea chai ya siagi na chumvi ambayo ndiyo chai yao, na bakuli la uji mzito wa shayiri.

Lhendup alifunika mdomo akasema ameshiba. Akakaribishwa tena, akasema tena ameshiba. Mara ya tatu alipokea, akala mpaka bakuli likang'aa, maana mlima ule ulikuwa umemtoa jasho. Angay Yangzom akarudi jikoni kumwongezea. Lhendup alisikia kijiko kikikwangua chini ya chungu, akafikiri: kweli watu hawa wakarimu. Wajukuu walikuwa wamekaa ukutani wametulia, kila mmoja na mikono mapajani.

Alipomaliza, alisimama, akajiweka sawa kama mtu wa serikali, akauliza:

"Angay, mfalme anauliza kama nyumba hii ina uhitaji wa nafaka."

Yule bibi akafunika mdomo kwa kiganja.

"Tunazo za kutosha, bwana. Mfalme aishi miaka mingi."

Lhendup akashukuru, akatoka. Nyumba ya pili wakamjibu hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Alizunguka siku mbili nzima, na nyumba zote kumi na tisa zikasema zimeshiba. Farasi thelathini wakarudi na mizigo yao kama walivyokuja. Kwenye daraja la kutokea bondeni alipitisha mkono kwenye vitambaa vya dua, akiwa na furaha moyoni kwamba kazi imekwisha salama.

Usimcheke. Mimi na wewe tukiulizwa habari tukiwa msibani tunajibu "nzuri", na aliyeuliza hupita zake. Mwaka jana nilimuuliza jirani yangu kwa nini amekonda, akaniambia ni mazoezi. Nikampongeza. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo najisikia vibaya, maana baadaye nilijua alikuwa anaumwa na hana wa kumpikia. Lhendup naye aliuliza kama afisa, akasahau kwamba aliyesimama mlangoni mwa watu ni mgeni, na walimjibu kama wanavyomjibu mgeni.

Kule ngome kuu habari zake zilipokewa kwa shangwe. Mtawa mmoja mkubwa alisema hayo ndiyo matunda ya mafundisho: watu wa Nyelung wameshinda tamaa, wanaridhika na kidogo. Wakuu wa baraza wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mfalme peke yake hakutikisa kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo yalizidi kuwa machache. Alimuuliza Lhendup mawe ya ile mvua yalikuwa na ukubwa gani. Lhendup akasema watu walimwambia yalikuwa kama mayai ya kuku. Na mashamba je? Yamelala chini yote, akasema, hakuna suke lililosimama.

Mfalme akaagiza chakula kiletwe, ingawa haukuwa wakati wa kula. Ukaletwa wali mwekundu na pilipili zilizopikwa kwa jibini, ambacho ndicho chakula wanachokipenda kuliko vyote. Mfalme mwenyewe akapakua, akamnyooshea Lhendup bakuli.

Lhendup akafunika mdomo, akasema ameshiba. Mfalme akamnyooshea tena. Akasema hapana, ameshiba kabisa. Mfalme akamnyooshea mara ya tatu, naye akapokea kwa mikono miwili na kuanza kula kwa pupa. Alikuwa na siku nne hajala kitu isipokuwa jibini kavu la mfukoni.

"Mara ya kwanza ulisemaje?" mfalme akamuuliza.

"Nilisema nimeshiba, Mtukufu."

"Ulikuwa umeshiba?"

Lhendup aliacha kutafuna.

"Na watu wa Nyelung uliwauliza mara ngapi?"

Hapo ndipo Lhendup aliposikia tena kile kijiko kikikwangua chungu. Aliwaona wale watoto wanne ukutani, na mikono yao mapajani. Alielewa kwamba amekula chakula chao cha mwisho cha siku ile, labda cha siku mbili, akaongezewa, kisha akawauliza mara moja na kugeuza farasi. Machozi yalimtoka mbele ya baraza zima, na hakuyafuta.

Yule mtawa mkubwa akainamisha kichwa. Mfalme hakumkaripia yeyote.

"Maliza kula," alimwambia Lhendup. "Safari ni ndefu."

Siku ile ile Lhendup aliondoka na farasi wale wale na wachunga wao. Wafugaji wa yaki, wale ng'ombe wa kwao wenye manyoya marefu, walikuwa tayari wanashusha mifugo yao kutoka juu, na kila aliyekutana naye alimwambia arudi. Walisema njia ya Nyelung haina zaidi ya siku tano au sita kabla ya kufungwa. Lhendup alihesabu kichwani: siku nne za kupanda, moja au mbili za kugawa. Hakurudi. Siku ya nne waliivuka njia ya juu huku theluji ikiwafika vifundoni, wakateremka bondeni adhuhuri.

Alienda moja kwa moja kwa Angay Yangzom. Safari hii hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Angay, mna uhitaji wa nafaka?"

"Tunazo, bwana," alisema bibi, kiganja mdomoni.

"Nakuuliza tena, Angay. Mna uhitaji?"

"Tunazo. Wapelekee wenye shida."

"Nakuuliza mara ya tatu. Nisamehe kwamba sikukuuliza siku ile."

Kiganja kikashuka. Bibi yule alikaa kwenye kizingiti, kama mtu aliyetua mzigo mzito, akamtazama usoni.

"Juzi tulianza kula mbegu, mwanangu," alisema.

Mliokulia shambani hamhitaji kuelezwa. Anayekula mbegu amekula na mwaka ujao. Lhendup alibeba magunia matatu ya nyumba ile kwa mgongo wake mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia, na aliyamwaga pipani huku wale watoto wakimzunguka. Gunia la mbegu lilikuwa bado nusu. Alilifunga, akamwomba bibi alifiche mahali pagumu kufikia.

Kazi ya nyumba zilizobaki ilikwenda polepole, maana kila mlango ulitaka maswali yake matatu. Mchunga farasi mmoja mwenye maneno mengi, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, akauliza kwa nini wasianzie mara ya tatu moja kwa moja. Lhendup akamwambia ajaribu. Akaenda nyumba ya nne akatangaza kwa sauti kwamba hii ndiyo mara ya tatu, pokeeni. Mama mwenye nyumba alimfungia mlango, na ilibidi Lhendup aende mwenyewe kuomba radhi na kuanza upya.

Siku ya pili asubuhi ilibaki nyumba moja tu, na magunia matatu juu ya farasi wawili. Theluji ilikuwa inaanguka bila kupumzika, na kule juu njia haikuonekana tena vizuri. Wachunga farasi walikuwa wameanza kugongagonga miguu na kumtazama bosi wao.

Nyumba ilikuwa ya mwanamke aitwaye Choki, mjane mwenye mtoto wa miezi saba. Lakini aliyetoka mlangoni ni baba yake, Mzee Kuenley. Enzi za baba yake mfalme, huyu mzee ndiye aliyekuwa mkuu wa misafara ya farasi wa ngome. Miaka thelathini alipeleka nafaka kwenye mabonde yaliyopatwa na njaa. Alikuwa amekonda mpaka mashavu yameingia ndani, lakini joho lake alikuwa amelifunga vizuri na mkanda ameukaza.

Lhendup akauliza mara ya kwanza. Mzee akasema wanazo. Akauliza mara ya pili, wanazo. Akauliza mara ya tatu, akisubiri kiganja kishuke.

"Wanangu, tunazo," alisema Mzee Kuenley. "Msichelewe njiani."

Akauliza mara ya nne. Akauliza ya tano. Ndani ya nyumba mtoto alilia, sauti nyembamba isiyo na nguvu, kisha akanyamaza. Choki alitokea nyuma ya baba yake. Hakusema neno, maana nyumba ilikuwa yake lakini baba ni baba, na hakuthubutu kumuumbua mbele ya watu. Alimtazama tu Lhendup, na macho yake yalikuwa yamesema yote.

"Nimekula kutoka mkononi mwa ngome miaka thelathini, na kila punje niliifanyia kazi," alisema mzee. "Huruma sijawahi kuila. Nendeni, njia inafungwa."

Sisi tunasema mficha uchi hazai, na ni kweli. Wengine wakimwona mtu wa namna hii humwita mjinga, humwambia afe na tai yake shingoni. Mimi siwezi. Nimekaa na wazee wa aina hii, na najua kwamba yule aliyezoea kutoa maisha yake yote, siku ya kupokea mkono wake haujui pa kwenda.

Lhendup alisimama pale theluji ikimjaa mabegani. Alikuwa amekimbia siku nne kuja kuuliza mara tatu, na sasa mara tatu hazikutosha. Kumlazimisha mzee hakuweza. Kuyaacha magunia mlangoni ingekuwa tusi, na mzee yule angeweza kuyaacha yaoze pale pale. Kugeuka na kuondoka kulimaanisha kwamba yule mtoto hatamaliza miezi mitano. Nyuma yake mchunga farasi mwenye maneno mengi alisema, safari hii kwa upole, kwamba wakikawia zaidi hawatavuka.

Lhendup akarudisha kofia kichwani. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu mwenye shida.

"Basi, Mzee Kuenley, mimi naomba msaada wako."

Mzee akainua uso. "Sema."

"Farasi hawa wawili wamechoka. Hawawezi kuuvuka mlima na mizigo hii katika theluji. Nikiyatupa magunia njiani nitamjibu nini mfalme? Naomba unihifadhie mpaka njia ifunguke. Sina mwingine wa kumwomba."

Mzee Kuenley alitoka mlangoni, akakanyaga theluji kwa viatu vyake vilivyochakaa, akawaendea wale farasi. Alimzunguka wa kwanza, akampapasa shingo, akamwinua mguu mmoja mmoja kutazama kwato. Akaenda kwa wa pili, wa kijivu, akafanya hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini mtu huyu alijua afya ya farasi kwa kusikia tu pumzi zake. Na wale farasi walikuwa wazima kabisa. Wachunga farasi walijua, Lhendup alijua, na hata Choki kule mlangoni alijua, maana alikulia juu ya migongo ya farasi.

Mzee alikaa ameinama kwenye mguu wa yule wa kijivu kwa muda mrefu. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Huyu wa kijivu anachechemea," alisema.

"Ndiyo, mzee," Lhendup akajibu. "Tangu jana."

"Na shayiri ikikaa miezi mitano haiguswi huingia wadudu."

"Ndilo nililotaka kukuomba pia. Muwe mnaipunguza kidogo kidogo, isiharibike. Mtakuwa mmeniokoa."

"Tutakusaidia," alisema Mzee Kuenley.

Choki hakusubiri wanaume. Alitoka nje, akalishika gunia la kwanza yeye mwenyewe, akaliburuta mpaka ndani ya kizingiti, na pale pale alipiga magoti na kuanza kufungua kamba yake kwa meno.

Funzo: Aliyezoea kujikaza hatakuambia ana njaa kwa sababu umemuuliza mara moja. Muulize tena, na tena. Na kama bado anakataa, usimwache wala usimvunjie heshima. Muombe yeye akusaidie, mpaka aweze kupokea akiwa amesimama wima.